Baridi ya Njombe kwa Mfuko Mdogo: Mwongozo Kamili

Kuanzia mwishoni mwa mwezi wa tano hadi katikati ya mwezi wa nane, ukanda wa Njombe, Makete, Mufindi na Mbeya huwa na baridi ambayo mtu wa Dar es Salaam haiamini mpaka aifikie. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na uwanda wa Kitulo unapita mita 2,600. Mchana jua linawaka na anga haina hata wingu. Ukosefu huo wa mawingu ndio unaoponza usiku, maana joto la ardhi hupaa bila cha kulizuia, na alfajiri kule Makete unakuta majani yameganda, meupe. Usiku wa chini ya nyuzi 10 ni jambo la kawaida, na mabondeni hushuka karibu na sifuri.

Mwongozo huu ni wa mpangaji wa chumba kimoja au viwili, mwalimu aliyepangiwa kituo huku kwa mara ya kwanza, bibi anayelea wajukuu chini ya bati lisilo na dari. Atakayeusoma akiwa Limuru, Lushoto au Kabale hatapotea, kwa kuwa nyumba zetu za nyanda za juu zinafanana na matatizo yake ni yale yale. Hatua nimezipanga kwa gharama: za bure na za karibu na bure ziko mwanzo. Wengi huanza kwa kununua mkaa. Mimi nimeuweka mbali huko chini, tena nje ya mlango wa chumba cha kulala, na sababu utaiona.

Hatua ya 1: Tafuta upepo unakoingilia

Subiri jioni yenye upepo. Chana kipande chembamba cha karatasi ya chooni, urefu wa kiganja, ukishike kwa ncha ya vidole viwili na uzunguke nacho chumbani taratibu: chini ya mlango, pembeni mwa fremu za dirisha, kwenye tundu la waya wa umeme, na juu kabisa pale ukuta unapokutana na bati. Kinapopepea, weka alama kwa chaki. Usitumie mshumaa kwa kazi hii, hasa kama una pazia la nailoni.

Mlango ndio mwizi mkubwa, na dawa yake ni suruali ya jinzi iliyochakaa. Kata mguu mmoja, funga ncha moja kwa kamba, jaza maranda ya mbao au vitambaa vilivyochanwa, kisha funga ncha ya pili. Unapata mto mrefu wa kulaza kizingitini kila jioni. Huku kwetu maranda si ya kutafuta, kila karakana ya seremala ina lundo lake na wengi wanashukuru ukiwapunguzia. Yawe makavu tu, maana maranda mabichi yanaota ukungu.

Dirisha la vioo linahitaji karatasi ya nailoni nzito, ile inayouzwa kwa mita kwenye maduka ya vifaa vya kilimo. Ipigilie kwa ndani kwenye fremu ya mbao ukitumia vibanzi vyembamba, isiguse kioo. Hewa iliyobaki katikati ya kioo na nailoni ndiyo inayozuia baridi, kwa hiyo usiibane kwenye kioo ukidhani ndiyo unafanya vizuri zaidi. Acha dirisha moja lisilozibwa, la kufunguliwa mchana.

Juu kwenye bati ndiko kwenye kazi. Chumba kisicho na dari kinapasha joto bati, na bati linapasha joto mbingu. Alfajiri pia linatoa jasho, na matone yanaangukia blanketi. Dari la mbao au jipsamu ni gharama ambayo mpangaji hawezi kumfanyia mwenye nyumba bure, lakini dari la viroba linawezekana. Kusanya viroba vya unga, sukari au mbolea vya kilo 25 na 50. Vya mbolea vioshe mara kadhaa, na vya sumu za mimea usivitumie kabisa. Vifungue pembeni, viunge kwa shazia na uzi wa nailoni mpaka upate shuka moja lenye ukubwa wa chumba. Halafu unalipigilia chini ya kenchi kwa misumari midogo, kila msumari ukipitia kwenye kizibo cha soda. Kizibo kinapanua kichwa cha msumari, bila hicho upepo wa Juni utachana kila tundu ndani ya wiki. Mwombe mwenye nyumba ruhusa kwanza. Wengi hawakatai kitu kisichowagharimu.

Angalizo moja zito: viroba ni plastiki, vikishika moto vinadondosha matone yanayowaka. Chumba chenye dari hilo hakiwashwi kibatari wala mshumaa, na viroba vikae mbali na holda ya taa. Taa ndogo ya sola inatosha.

Tena, kuziba upepo si kuziba hewa. Mafua na kifua kikuu hupenda vyumba vilivyofungwa siku nzima na watu wamebanana. Saa nne asubuhi, jua likishika, fungua kila kinachofunguka, na ufunge saa tisa na nusu kabla ukuta haujaanza kupoa.

Hatua ya 2: Tengeneza kitanda kuanzia chini

Mtu akisikia baridi usiku anaongeza blanketi juu. Mara nyingi baridi inamwingilia mgongoni. Godoro la sponji jembamba likilaliwa linabonyea, hewa yote inatoka, na mwili unabaki karibu na sakafu ya saruji au na hewa baridi inayopita chini ya chaga. Una mablanketi mawili na godoro jembamba? Tandika moja chini yako, jifunike moja. Jaribu usiku mmoja tu na utaona.

Kwa mwenye kitanda, panga maboksi makavu yaliyofunguliwa kati ya chaga na godoro, tabaka mbili au tatu. Maboksi ya friji na televisheni ni mazuri zaidi kwa kuwa ni manene. Kwa anayelala chini, anza na nailoni ya kuzuia unyevu, kisha maboksi, kisha mkeka au magunia ya katani, ndipo godoro. Kila asubuhi inua godoro liegemee ukuta, vinginevyo jasho lako la usiku linageuka ukungu upande wa chini, na ukungu ni adui wa mwenye pumu. Sogeza kitanda kiasi cha shubiri moja kutoka ukuta wa nje.

Mpangilio wa juu nao una siri yake. Kinachogusa mwili kiwe laini, blanketi la manyoya lifuate, na juu kabisa kiwe kitambaa kilichofumwa kwa kubana, kama shuka zito au kitenge, ili joto lililonaswa lisipeperuke. Watu wengi wanaweka shuka ndani na blanketi nje, na ni sawa, ila ukiwa na kitenge cha ziada kiweke juu ya blanketi.

Anika matandiko juani kuanzia saa tano na uyatoe kabla ya saa kumi, umande haujaanza. Blanketi lenye unyevu haliwezi kukutunza.

Mfuko wa mpira wa maji ya moto unaouzwa duka la dawa ni ununuzi mzuri kuliko vyote nilivyovitaja. Usiweke maji yanayochemka, yaache yatulie dakika chache kwanza. Jaza theluthi mbili, toa hewa, funga, uvalishe soksi kubwa ya mtumba, na uuweke kitandani nusu saa kabla ya kulala, usawa wa miguu. Chupa ya maji ya kunywa ya plastiki inakunjamana kwa maji ya moto sana na kizibo chake kinavuja, hivyo kama ndiyo uliyo nayo, maji yawe ya moto wa kuoga tu. Kwa mtoto mdogo, mzee asiyehisi vizuri miguuni na mgonjwa wa kisukari, pasha kitanda kisha uondoe mfuko kabla hajaingia. Watu wa kisukari huungua bila kujua.

Nguo za kulalia ziwe kavu na ziwe za kulalia. Soksi za kutwa zina jasho hata kama hulioni, na jasho hilo ndilo linalokugandisha saa nane ya usiku.

Hatua ya 3: Nunua nguo wakati wengine hawana habari

Mwezi wa sita kila mtu anatafuta sweta, na muuzaji anajua. Nenda mwezi wa pili au wa tatu, jua likiwa bado kali na mvua inanyesha, upitie mitumba gulioni bila haraka. Siku belo linapofunguliwa bei iko juu lakini chaguo ni lako. Siku mbili tatu baadaye unapata mabaki kwa bei ya kutupa. Kwa nguo za ndani ya nyumba na za kulalia sioni sababu ya kwenda siku ya kwanza.

Shika, usiangalie rangi. Lisogeze sweta kwenye mwanga: unaona vidole vyako upande wa pili? Liache. Soma lebo ndogo ya ndani. Sufu inashikilia joto hata ikiwa na unyevu kidogo, pamba inaponyonya maji inakuwa mzigo wa barafu, na nyuzi za plastiki za jaketi la manyoya ziko katikati, tena zinakauka haraka. Sweta la sufu lenye tundu kiwikoni, ambalo wengine wamelipita, ni mali. Tundu linazibwa kwa sindano.

Vaa tabaka. Fulana inayobana mwilini, sweta juu yake, na koti au jaketi la kuzuia upepo mwishoni. Nguo tatu nyepesi zinashinda koti moja zito, na zinakuruhusu kuvua moja saa sita mchana jua linapokuwa kali. Wanawake wanaovaa gauni au sketi wanajua kazi ya skintaiti ya ndani. Kitenge cha pili kilichofungwa kiunoni kinakinga mgongo wa chini na nyonga vizuri kuliko sweta fupi. Kichwani ni mzula, kwa mkubwa na mdogo.

Miguu ndiyo inayosahaulika. Ndala juu ya saruji saa kumi na mbili asubuhi ni kujitafutia baridi kwa makusudi. Kata maboksi kwa umbo la wayo, weka ndani ya viatu au yeboyebo, na uyabadilishe yakilowa. Kwa wanaokwenda shamba la viazi alfajiri, gambuti ni lazima, lakini zinatoa jasho. Jioni zijaze magazeti yaliyokunjwakunjwa, na asubuhi utakuta zimekauka.

Vijana wa bodaboda wanaovaa jaketi kinyumenyume, zipu mgongoni, hawafanyi mzaha. Upepo wa pikipiki unaingilia kwenye zipu. Ukipanda nyuma yao safari ndefu, ingiza boksi jembamba au gazeti lililokunjwa kati ya sweta na jaketi, kifuani.

Hatua ya 4: Kula cha moto, kwa moto mdogo

Mwili unaotetemeka unachoma chakula, kwa hiyo msimu huu si wa kuruka mlo. Bahati nzuri nyanda za juu hazina njaa ya vitu vya bei nafuu: viazi, mahindi, maharage, kabichi, majani ya maboga, maziwa vijijini, na parachichi, ambalo mafuta yake ni nishati tosha. Maparachichi yaliyokataliwa na wanunuzi wa soko la nje kwa sababu ya doa la ngozi yanauzwa kwa bei ya chini, na ndani hayana tofauti na yale yanayopanda meli. Uji wa ulezi wenye karanga zilizosagwa asubuhi, makande mchana, ugali na maharage au dagaa usiku. Karibu kila nyumba inajua kupika hivi.

Kinachokula fedha ni moto wa maharage. Hapa ndipo kapu linapoingia. Chukua kapu kubwa au boksi imara, tandika ndani blanketi kuukuu au sweta zisizovalika, chini na pembeni unene wa mkono uliofungwa ngumi, ubakize shimo la kuingia sufuria kwa kubana. Shona mto wa kufunika juu, ujaze maranda au vitambaa. Maharage yaloweke usiku kucha na uyamwage maji yake. Asubuhi yachemshe kwa nguvu, mfuniko umefungwa, dakika 20 hivi. Usipunguze hapo, kwa sababu maharage yasiyochemka sawasawa yana sumu ya asili inayotapisha, na kapu peke yake halina joto la kuiondoa. Halafu bila kufunua, hamishia sufuria kapuni, funika na mto, ukatembee. Baada ya saa tatu au nne yameiva au yamebakiza kidogo. Yarudishe motoni yachemke tena unapoyaunga, ndipo yaliwe. Makande, wali, kongoro na viazi vinapikika kwa njia hiyo hiyo. Sufuria ijae, maana sufuria nusu inapoa haraka, na hapo kapu linalaumiwa bure.

Chemsha maji ya siku nzima mara moja na uyaweke kwenye chupa za chai. Kunywa hata kama huna kiu. Baridi inamfanya mtu asahau maji, na baada ya wiki anakuja kulalamikia choo kigumu na mkojo unaochoma. Chai ya tangawizi, mchaichai au limao inatuliza koo na inakufanya ukae na kikombe cha moto mkononi. Haiponyi nimonia, kwa hiyo isichukue nafasi ya zahanati.

Na pombe? Ulanzi na wenzake vina heshima yake, lakini joto linalohisiwa ni damu iliyokimbilia kwenye ngozi, na ngozi inaitoa nje. Mlevi aliyelala njiani usiku wa Julai anapoa haraka kuliko asiyekunywa. Ukimkuta mtu katika hali hiyo, usimwache "apumzike".

Hatua ya 5: Moto, na kwa nini jiko la mkaa lisilale ndani

Kila msimu wa baridi habari ni ile ile: familia imeingiza jiko chumbani, imefunga mlango, na asubuhi hawakuamka. Mkaa unaowaka mahali penye hewa finyu unatoa gesi ya kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Inashika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hivyo damu inazunguka bila kubeba hewa. Imani kwamba mkaa uliokwisha kutoa moshi na kuwa mwekundu uko salama ndiyo inayoua. Mkaa mwekundu usio na moshi bado unatoa gesi hiyo. Bakuli la maji pembeni ya jiko haliiondoi, na kuacha mlango wazi kidogo hakutoshi kwa mtu anayelala.

Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kuishiwa nguvu na akili kuchanganyika. Wakiumwa kichwa watu wawili au watatu wa chumba kimoja kwa wakati mmoja, usifikirie malaria kwanza. Fungua mlango na madirisha, watoe wote nje, jiko litolewe, na wapelekwe hospitali hata kama wameanza kupata nafuu, kwa kuwa wanahitaji kupewa oksijeni. Kwa Tanzania, namba ya dharura ni 112, na Zimamoto na Uokoaji ni 114.

Mkitaka kuota moto, otea jikoni au barazani jioni, familia nzima, kisha uzimeni na mwende kulala na mablanketi yaliyokwisha pashwa. Huo ndio utaratibu wa wazee, ambao jiko lao la moto lilikuwa na nyumba yake.

Sasa gharama. Kuni nunua au kata mwezi wa nne na wa tano, zipasue na uzipange chini ya upenu zipate upepo. Kuni mbichi zinatumia sehemu ya moto wake kukausha maji yake, na zinakupa moshi wa bure. Mabanzi ya pale kwenye mashine za mbao ni nafuu na yanawaka vizuri, ila ya msindano yana utomvu na masizi, hivyo yanafaa kuanzishia moto kuliko kupikia siku nzima. Mkaa kwa kopo ni bei ya maskini, na maskini huilipa ghali. Majirani watatu wakichanga gunia moja, au kikoba kikitenga fungu la mkaa mwezi wa nne, kila mmoja anapata kwa bei ya gunia. Jiko banifu la udongo linafidia bei yake mapema kuliko watu wanavyodhani, mradi mlango wake wa chini ufungwe moto ukishakolea.

Umeme unahitaji hesabu kidogo. Wateja wa TANESCO wa matumizi madogo, wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, wana bei ya msingi ya shilingi 100 kwa uniti. Wa kundi la kawaida ni 292. Ukiongeza kodi na tozo inakuwa kama 122 na 356. Hita ya chumba ya wati 2,000 inakula uniti mbili kila saa, yaani zaidi ya shilingi 700 kwa saa kwa mteja wa kawaida, kisha joto lote linapanda kwenye bati. Nisingeinunua hata kwa mkopo. Birika la umeme likichemsha lita moja na nusu linatumia takribani sehemu moja ya sita ya uniti, kama shilingi 60, na maji hayo yanajaza mfuko wa mpira mmoja unaopasha kitanda kwa saa kadhaa. Mwenye uniti 75 awe mwangalifu tu: akivuka hapo, uniti za ziada zina bei kubwa kuliko hata ya mteja wa kawaida.

Hatua ya 6: Oga, lakini uchague saa

Baridi inaleta uvivu wa kuoga, na uvivu huo unaleta chawa na matatizo ya ngozi, hasa watoto wanapolala blanketi moja. Hamisha saa ya kuoga. Weka dumu jeusi, au lililopakwa rangi nyeusi, juu ya jiwe au bati mahali pasipo kivuli tangu asubuhi. Kufikia saa nane mchana maji yana uvuguvugu, na birika moja la maji ya moto linatosha kuyafikisha. Watoto waogeshwe saa hiyo, si alfajiri kabla ya shule. Alfajiri wanawe uso, mikono na miguu.

Ile hita ya chuma ya kutumbukiza kwenye ndoo inaua watu. Kama unaitumia, ndoo iwe ya plastiki, uvae viatu vikavu, na uchomoe kwanza kwenye soketi kabla ya kugusa maji, kila mara.

Mafuta ya mgando yapakwe ngozi ikiwa bado na unyevu, ndipo yanashika. Visigino vilivyopasuka vipakwe usiku na kuvalishwa soksi.

Hatua ya 7: Wanaohitaji jicho la ziada

Mtoto mchanga anapoteza joto haraka kuliko mtu mwingine yeyote nyumbani. Asiogeshwe saa 24 za kwanza. Avalishwe kofia na soksi, na mahali pake pa joto kuliko pote ni kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, wamefunikwa kitenge na blanketi kwa pamoja, uso wake wazi. Aliyezaliwa na uzito mdogo anaendelea hivyo kwa siku na wiki. Wauguzi wanaita njia ya kangaruu, nao baba na bibi wanaruhusiwa kuifanya. Kumrundikia mablanketi mpaka usoni ni hatari. Mguse tumbo: likiwa na joto la kawaida na kavu yuko sawa, hata kama viganja vimepoa kidogo.

Nimonia ndiyo ya kuogopwa kwa watoto. Akikohoa, mfunue kifua akiwa ametulia, na uhesabu pumzi kwa dakika moja kamili ukitazama saa ya simu. Chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Miezi miwili hadi mwaka, 50 au zaidi. Mwaka mmoja hadi mitano, 40 au zaidi. Kifua kikibonyea chini ya mbavu anapovuta hewa, akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege au akilegea, usingoje asubuhi. Mafua ya kawaida hayatibiwi kwa vidonge vya antibayotiki vilivyobaki kabatini. Chanjo ya kukinga nimonia hutolewa kliniki akiwa na wiki 6, 10 na 14, kwa hiyo angalia kadi yake kabla ya Juni. Na usimbebe mgongoni jikoni penye moshi. Moshi unamharibia mapafu wakati huo huo unaodhani unampa joto.

Wazee wana jambo lao. Baridi inabana mishipa na kupandisha presha, hivyo mwenye dawa za presha asizikatize kwa kuwa "amejisikia nafuu", na akapime msimu ukianza. Babu anayeamka usiku kwenda haja ndogo awekewe chombo chumbani, kwa sababu safari ya choo cha nje saa tisa usiku ndiyo inayomwangusha. Ukimkuta mzee anaongea kwa kukokota maneno, anasinzia, mikono baridi na ameacha kutetemeka, mwili wake umeshindwa. Mvue chochote kilicholowa, mfunike, mpe chai ya moto yenye sukari kama anameza vizuri, mpashe kifua na tumbo taratibu kwa kumkumbatia. Usimsugue miguu wala kumkalisha karibu na moto mkali. Tafuta usafiri.

Wenye pumu wabebe dawa ya kuvuta kwenye mfuko wa ndani wa nguo, na wafunike pua na mdomo kwa skafu wanapotoka alfajiri.

Hatua ya 8: Mwezi wa tisa

Joto likirudi, fua mablanketi na sweta zote, yaanike siku mbili za jua kali, na uyakunje yakiwa makavu kabisa kwenye viroba safi vilivyofungwa. Ukiweka vile vidonge vyeupe vya naftalini kuzuia wadudu, andika nje ya kiroba, na mwakani uyatoe nje yapungwe upepo siku kadhaa kabla mtoto mchanga hajafunikwa nayo, kwani baadhi ya watoto damu yao haistahimili kemikali hiyo. Dari la viroba likaguliwe kama panya hawajaanza kuishi juu yake. Mto wa mlangoni ufunguliwe, maranda yamwagwe kwenye bustani, na mguu wa jinzi ufuliwe.

Sweta la shule alilovaa mkubwa lijaribishwe kwa mdogo sasa hivi, umjue wa kununuliwa ni yupi kabla ya Februari.